Shati la Sikukuu

Mwezi uliopita tulimzika Shangazi Santina, na siku ya tatu ya matanga, tukiwa tunakunywa chai chini ya turubai, mkwe mmoja aliyevaa tai alisema kwa sauti ya mtu aliyeshiba kwamba siku za jeshi angalau watu walijua kusherehekea. "Mwezi wa kwanza, kila mwaka, Kampala nzima inang'aa," alisema. "Mnabebwa bure, mnakula nyama bure, mnacheza ngoma mpaka basi. Leo nani atakupa nyama?" Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha matangani cha watu wanaojua hawatakiwi kucheka. Mimi niliweka kikombe chini. Siku anazozisifu alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, hajui hata kufunga kamba za viatu. Nilitaka kumwambia kwamba mwanamke tuliyemfukia juzi ni mmoja wa hao waliobebwa bure, na kwamba nyama anayoisifu mimi niliila, na bado imenikaa kooni. Matanga ya watu si mahali pa kumpigia mtu makelele. Lakini hasira niliondoka nayo, nikapanda nayo basi mpaka Nairobi, na sasa ni wiki ya tatu nalala nayo na kuamka nayo. Maisha yangu yote nimekuwa mpiga taipu, nimeandika maneno ya watu wengine kwa unadhifu mkubwa. Haya ni ya kwangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikaa Jinja mwaka mmoja tu, kwa Shangazi, katika nyumba za polisi, nikienda kujifunza taipu kila asubuhi kwenye duka ambalo mwenyewe, Mhindi mmoja, alikuwa amefukuzwa nchini na kuacha mashine zake sita mezani. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua: huku kitanda cha Shangazi na mumewe, kule mkeka wangu na wa watoto wao wawili. Ukuta uliotutenga na jirani yetu, Mama Zubeda, ulikuwa mwembamba hivi kwamba akipiga chafya kwake, Shangazi alimwitikia "Afya, mama!" bila kuacha kukoroga sufuria. Mume wa Shangazi nilimwita Baba Okwera. Alikuwa sajini wa bendi, mpuliza tromboni, mtu mrefu mwenye mikono mirefu isiyolingana hata na urefu wake, na hakuna shati la dukani lililomfika kwenye vifundo vya mikono. Kwa hiyo kila shati lake Shangazi aliliongezea kipande cha kitambaa mwisho wa mikono, chochote alichokuwa nacho, na majirani walimtania kwamba mumewe anavaa mashati mawili mawili. Sigara hakugusa. Alisema pumzi ya mpuliza tromboni ni mali ya serikali, na yeye hawezi kuchoma mali ya serikali.

Sikuwa nimemaliza mwezi wangu wa kwanza pale walipokuja kumchukua. Ilikuwa mwezi wa nane, saa nne asubuhi, bendi ikiwa mazoezini uwanjani mbele ya watu wote. Wanaume watatu wenye miwani myeusi walimwita kando, wakamwonyesha gari, akaingia. Tromboni ilibaki kwenye nyasi mpaka mwenzake mmoja alipoiokota na kuileta nyumbani, ameishika kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Kosa lake hatukuambiwa siku ile, hatukuambiwa mwaka ule, na mpaka ninapoandika hatujaambiwa. Hilo ndilo linalonichemsha damu hadi leo kuliko mengine mengi: hakuna hata mmoja wao aliyeona haja ya kututungia uongo wa heshima. Mkubwa wa kambi aliandika katika kitabu chake kwamba Sajini Okwera yuko safarini, akalifunga kitabu, akaenda kunywa chai.

Shangazi aliuliza huku na huku wiki tano, mpaka akaelekezwa kwenye lango moja Kampala. Kambi yenyewe silitaji jina lake. Waliopeleka nguo pale wanaijua. Utaratibu wa lango ulikuwa huu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi unapeleka shati safi la mumeo, limekunjwa ndani ya gazeti, pamoja na sabuni na chochote cha kumshukuru askari. Koplo wa lango anapokea, anaingia nalo ndani. Mwezi unaofuata unapeleka jingine, naye anakurudishia lile la kwanza likiwa chafu. Barua hakuna, salamu hakuna, kuuliza ni kujitafutia balaa. Shati chafu ndiyo habari yenyewe, maana maiti haichafui shati. Wanawake wa nyumba za polisi walilielewa jambo hili bila kufundishwa, kwa sababu kufua nguo za mume ilikuwa kazi iliyowafanya wamjue mtu kuliko kuzungumza naye.

Aliporudi na shati chafu la kwanza, Shangazi alinikalisha kitandani, upande wake wa pazia ambako kwa kawaida sikukaribishwa. Akafungua gazeti taratibu, akaingiza pua kwapani mwa lile shati, akafumba macho. Kisha akanipa mimi. "Nusa, Akello. Yuko. Anatoka jasho." Nilinusa jasho, ni kweli, na mafuta ya nywele, na sigara kali ya bei rahisi. "Shangazi, mbona inanuka sigara?" nikamwuliza. "Mtu akifungwa najifunza mambo," alijibu kwa Kiswahili chake cha kambini. "Wacha avute. Akirudi nitamwachisha." Siku aliyofua shati lile aliimba. Mimi sikuruhusiwa kuligusa. Nilichota maji tu na kusimama. Jioni yake tulikula samaki, na sukari iliyokuwa imefichwa chini ya unga ikatolewa, kijiko kimoja kimoja kwa kila kikombe, kwa sababu sukari wakati ule ilikuwa inaonekana mara chache kuliko jamaa wa mbali.

Halafu Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kwanza, koplo akavunja desturi yake ya kutosema. "Mama," alimwambia Shangazi, "sikukuu nakuja. Lete shati mzuri. Nyeupe." Ni hayo tu. Lakini nchi nzima ilijua kwamba siku hiyo ya kuadhimisha jeshi kushika nchi, mkuu mwenyewe husimama uwanjani na kusoma majina ya wafungwa aliowasamehe, nao huletwa mbele ya watu wakiwa wameoga na kuvaa vizuri. Shangazi alirudi Jinja siku ile akitembea kama msichana. Kitambaa cheupe madukani hakikuwepo, kwa hiyo alichana shuka lake moja jipya, lile lisilowahi kutandikwa, akalishona kwa mkono siku tisa mfululizo, maana cherehani ya Mama Zubeda ilikuwa haina sindano na sindano nchini zilikuwa zimekwisha. Mwisho wa mikono aliongeza kipande cha buluu kutoka kwenye foronya. Vifungo alivitoa kwenye gauni lake mwenyewe. Sijaona nguo iliyoshonwa vizuri vile tangu wakati ule, na nimevaa za mafundi wa kila aina.

Amri ya kwenda Kampala ilisomwa paredi wiki hiyohiyo: kila kambi itoe wanawake thelathini, vitambaa vyeupe kichwani, kwenda kupiga vigelegele. Shangazi alijiandikisha wa kwanza, na akaniandikisha na mimi. Tuliondoka asubuhi ya siku moja kabla ya sikukuu, kwenye lori la kubebea kokoto ambalo halikufagiwa, Mama Zubeda akiwa kiongozi wetu kwa sababu alikuwa na sauti na mumewe alikuwa na cheo. Kwenye daraja la mto wanawake wote waliinamisha macho. Hakuna aliyeambiwa ainamishe. Tulijua maji yale yalikuwa yanapitisha nini siku hizo, na wavuvi wa pale walikuwa wameacha kula samaki wao wenyewe. Katikati ya msitu wa Mabira dereva alifunga kioo chake, na sisi huku nyuma, tusio na kioo, tukajifunika pua kwa vile vitambaa vyeupe vya sikukuu. Fikiria hilo, wewe wa tai. Tulikuwa tunapelekwa kucheza, na barabara yenyewe inanuka watu.

Kabla ya Lugazi kulikuwa na kizuizi. Askari mdogo, bunduki imemzidi, akapanda gurudumu na kuchungulia. "Nyinyi nakwenda wapi?" Mama Zubeda akamjibu, "Sisi nakwenda kuimbia mkubwa yako. Wewe nakwenda wapi?" Askari akafikiri, akasema basi tuimbe aone kama tunajua. Tukaimba pale barabarani, jua likituwakia, nyimbo mbili nzima, naye akipiga mguu chini kwa furaha, na alipotosheka akatutaka tumpe ndizi zetu. Tulimpa. Shangazi alikuwa amekalia furushi la shati ili vumbi lisilifikie, na wakati wote wa kuimba hakusimama.

Tulipoukaribia mji, Shangazi alimsogelea Mama Zubeda na kumnong'oneza. Mama Zubeda aligonga paa la dereva kwa kiatu. "Simamisha! Wanawake nataka kujisaidia." Dereva akalalamika kwamba kuna ratiba. "Ratiba itakuja kufua lori yako?" akamwuliza, na gari likasimama. Shangazi na mimi tulikimbia mpaka kwenye lile lango, maana halikuwa mbali na barabara. Ndipo nilipomwona koplo kwa mara ya kwanza: mtu mfupi, mnene kidogo, ana pengo mbele na nywele zinazong'aa mafuta, si mtu wa kutisha hata kidogo. Alifungua gazeti, akalikunjua lile shati, akaliweka kifuani pake kulipima, akavuta mikono yake na kutikisa kichwa. "Refu sana. Lakini mzuri," alisema. "Kesho." Akaingia nalo na kurudi na shati chafu, lile alilopelekewa mwanzoni mwa mwezi. Shangazi alinishika mkono tukirudi kwenye lori, kucha zake zikiniingia. "Umesikia? Amesema kesho."

Tulilazwa katika darasa la shule moja karibu na Wandegeya, madawati yamesukumwa ukutani, ubaoni bado kuna hesabu za watoto. Jua lilikuwa halijazama tulipoletewa posho, ndiyo ugali, na maharage katika ndoo, na tukakaa sakafuni kula, sisi wa Jinja pamoja na wanawake wa kambi za Tororo na Mbale. Nilikuwa nimeegemea dawati, nimechoka, nikisikiliza. Shangazi, ambaye kwa miezi mitano hakuwahi kuzungumza jambo lake na mtu nje ya nyumba, alimwona mwanamke mmoja wa Tororo akichungulia ndani ya furushi la gazeti, akajua. "Na wewe napeleka kwa lango?" alimwuliza kwa sauti ya chini. Yule akaitikia, alikuwa ametoka huko mchana uleule. Mwingine wa Mbale akasogea na sufuria yake. Wakaanza kusimuliana, kama wanawake wanavyosimuliana habari za waume walio kazini. "Wangu amenenepa," alisema wa Mbale. "Kola ilikuwa namtosha, sasa imetanuka. Nakula vizuri." "Wangu siku hizi navuta sigara," akasema wa Tororo. Shangazi akaacha kutafuna. "Na wangu pia! Wangu alikuwa hagusi kabisa." "Na mafuta ya kichwa?" "Na mafuta!" Wakatoa mashati, wakapeana, wakanusa la huyu na la yule, na ilikuwa kweli, harufu ilikuwa moja.

Wakaangaliana, na nyuso zao zikafunguka. "Basi wamekaa chumba moja!" alisema wa Tororo. "Wanagawana sigara," akasema wa Mbale. "Wanapakana mafuta," akasema Shangazi, na akacheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. Wanawake wale watatu walikumbatiana pale sakafuni kama mawifi, kwa sababu waume zao walikuwa marafiki. Wakaahidiana kutembeleana wanaume wakitoka. Nami nilifurahi nao. Nasema hivyo kwa aibu, maana nilikuwa na shule kichwani kuliko wote watatu, nilijua taipu na Kiingereza, na sikufikiri hata kidogo.

Siku ya pili tulisimama uwanjani tangu saa moja. Bendera, vifaru, watoto wa shule waliopangwa kwa rangi, wazee wa ngoma kutoka kila upande wa nchi na ngozi zao mabegani katika joto lile. Wanawake wa kambi tulikuwa nyuma ya kamba, na ofisa mmoja mwenye fimbo aliinua fimbo tukapiga vigelegele, akaishusha tukanyamaza. Maji hakuna. Mwanamke mmoja alianguka karibu nami, wakamburuta kivulini. Saa saba wafungwa wakaletwa, mstari mfupi, na majina yakasomwa kwenye kipaza sauti, na kila jina Shangazi alisimama kwa ncha za vidole na kushuka. Alikuwa anaangalia mashati. Mstari ulipoisha aliendelea kusimama vilevile, akiangalia mlango walikotokea, na fimbo ilipoinuliwa alipiga kigelegele pamoja na sisi, kwa sababu ofisa alikuwa anatazama upande wetu. Kigelegele kile nimekisikia maishani mwangu mara nyingi sana. Niulizeni nani aliyemlipa fidia ya kigelegele kile.

Mama Zubeda alinituma nikatafute maji. Nyuma ya majukwaa kulikuwa na masufuria makubwa ya pilau na ng'ombe wazima wakichomwa, na watu wa serikali na jamaa zao wakila wamesimama. Nilimwona kwa mgongo kwanza. Shati jeupe, mikono imekunjwa mara tatu, na katika mkunjo kinaonekana kipande cha buluu. Akageuka, ana pengo, mdomo umejaa. Sikuogopa, na sijui kwa nini sikuogopa. Nadhani akili ilikuwa bado inapanda ngazi. Nikamwendea. "Afande, hii shati ya nani?"

"Ya kwangu," alisema. Kisha akanitambua. "Aa, wewe ni ya wale ya Jinja." Hakuona haya. Nawaambia, hakuona haya hata punje, alinyoosha mkono kunionyesha mshono. "Mama yako najua kushona."

"Mwenyewe iko wapi?"

"Mwenyewe nani?"

"Baba Okwera. Mwenye shati."

Akatazama kulia na kushoto, si kwa hofu, ila kama mtu anayemweleza mtoto jambo la wakubwa. "Sikiliza, mtoto. Huko ndani hakuna mtu. Wale ya mwezi ya nane walikaa siku mbili, tatu, basi. Sasa bibi zao wakaanza kuja na nguo. Wa kwanza nikamwambia hakuna mtu, akalia, akalia, mpaka wakubwa wakatoka wakampiga. Nikaona hii mbaya. Wa pili nikapokea. Mwezi nyingine nikamrudishia chafu, akaenda nacheka. Sema wewe: ubaya iko wapi?" Alikuwa ananiuliza kweli. Alingoja jibu. Kisha akakata kipande cha nyama kwenye mfupa wake, akakiweka mkononi mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake. "Kula. Leo sikukuu." Nikala. Tangu maharage ya jana sikuwa nimetia kitu tumboni, na nyama ilikuwa laini, na nilisimama mbele ya mtu aliyevaa shuka la Shangazi yangu nikatafuna na kumeza. Miaka yote hii nimewatukana wengi kwa yaliyofanyika nchini kwetu, na wanastahili, lakini kila nikimaliza kuwatukana nakumbuka kwamba nilimwambia asante.

Tulirudi Jinja kwenye lori lilelile. Shangazi hakulia. "Labda sikukuu nyingine," alimwambia Mama Zubeda. "Majina ni mengi, hawawezi kusoma yote siku moja." Nyumbani akawapokea watoto kwa jirani mwingine, akawagawia wali tuliopewa sherehe ilipokwisha, alioufunga kwenye kitambaa, akabandika maji, akamimina kwenye karai, akalitoa lile shati chafu kwenye gazeti. Akaanza kuimba. Nilikuwa nimeapa ndani ya lori kwamba sitamwambia kamwe. Wimbo ndio ulionishinda. Nilisogea mpaka kwenye karai, nikainama karibu na sikio lake kwa sababu ya ukuta, nikamwambia yote, kila neno la koplo kama alivyolisema, isipokuwa la nyama.

Alikaa chini, juu ya saruji yenye maji. Kulia kwa sauti katika nyumba zile kulikuwa ni kuishitaki serikali. Mwanamke wa safu ya tatu alimlilia mumewe mwezi wa tisa na kesho yake wakaja kumwuliza amejuaje kwamba amekufa. Kwa hiyo Shangazi alichukua kola mbichi ya lile shati, akaiingiza mdomoni, akaiuma, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka bila sauti yoyote. Nilimshika. Halafu alikumbuka shingo iliyokuwa ndani ya kola ile. Akaitema, akatapika kando ya karai, na mimi nikamshikia paji la uso. Upande wa pili wa ukuta Mama Zubeda aliacha kukwaruza sufuria. Kisha akafungua redio yake kwa sauti ya juu sana, na mpaka leo namshukuru.

Watoto walipolala mchana wa kesho yake, nilimwambia kwamba lile lango hatutalikanyaga tena. Shangazi alikuwa amezeeka, lakini akili yake ilikuwa kavu kabisa. "Tutapeleka," alisema. "Mkubwa ya kambi ameandika safarini. Kila mwezi naomba ruhusa yake ya kwenda kwa lango, yeye naona, yeye nafikiri Okwera iko, labda atarudi, anaogopa kunitoa. Nikiacha kwenda, atajua. Mke wa mfungwa ana nyumba, Akello. Mjane hana. Atanipa siku saba, na mimi na watoto nitakwenda wapi, na barabara ile?" Nilibisha. Nilisema maneno makubwa ya vijana, kwamba ni afadhali kulala njiani kuliko kumfulia muuaji. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wewe utamaliza taipu yako utaondoka," alisema. "Mimi siwezi kumtazama tena usoni. Utakwenda wewe."

Nikaenda. Kuanzia mwezi wa pili mpaka wa saba, kila Jumamosi ya kwanza, nilipanda basi la asubuhi na furushi la gazeti mapajani. Wanawake wa Tororo na Mbale nilikutana nao pale, wakaniuliza hali ya Shangazi na ya Baba Okwera, nikawajibu kwamba hawajambo. Sikuwaambia. Wao nao walikuwa na nyumba na watoto, hivyo ndivyo nilivyojitetea, na sijui kama ni kweli au ni hesabu ya koplo niliyoikubali. Mashati niliyafua mimi, maana Shangazi hakuligusa tena hata moja. Yalipoingia ndani alitoka nje. Nililoweka, nikasugua kola, nikapika wanga wa muhogo, nikapiga pasi ya makaa mpaka shati likasimama lenyewe. Niliyakaza makusudi. Ndiyo silaha pekee niliyoweza kuifikiria.

Mwezi wa sita koplo alinipokea kwa tabasamu, maana tulikuwa tumezoeana, na alikuwa ananiita kwa jina. Aliingia, akatoka na shati chafu, akanikabidhi, kisha akaniita nirudi kidogo. Akainamisha kichwa na kuvuta ukosi wa sare yake ili nione shingo. Kulikuwa na mstari mwekundu, ngozi imechubuka. "Akello," alisema kwa upole, "mwambie mama apunguze wanga. Hii kola naniumiza."

"Ndiyo, afande," nikamwambia.

Nikarudi Jinja, nikafua, na wanga nikapunguza.